Siku Baba Alipofunga Maji

Happy alinipigia simu mwezi uliopita nikiwa nachambua maharage, akasema nyumba yake ya maonyesho ya nishati imefunguliwa na kwamba nisipokwenda na wajukuu atanifuata mwenyewe huku Tengeru anibebe. Hatukuwa tumezungumza vizuri kwa miaka mingi. Hata kwenye msiba wa baba tulishikana mikono tu, watu wakitusukuma kutoka nyuma. Basi Jumamosi nikamchukua binti yangu na watoto wake wawili tukashuka mjini. Nyumba yenyewe iko upande wa Sakina, nyuma ya magereji, imepakwa rangi ya njano, na kila kilichomo ndani ni cha kushikwa: baiskeli ya kukanyaga mpaka feni izunguke, mpini wa chuma wa kuzungusha mpaka taa iwake, sahani kubwa inayong'aa ya kuchemshia chai kwa jua, majiko matatu yaliyopangwa ili uone lipi linapoteza moto. Wajukuu wangu waliingia kama mbuzi waliokuta lango la shamba wazi. Mimi nilisimama katikati ya ukumbi, mikono nimeiweka nyuma, na sikujua nimesimama hivyo mpaka binti yangu aliponicheka. "Mama, mbona umesimama kama uko kaburini kwa mtu?" Happy akaja, mnene sasa, miwani kifuani, akanishika kiwiko. "Gusa, Nsia. Hapa kila kitu kinaguswa." Nikagusa meza. Ndicho kitu pekee nilichogusa siku ile.

Tangu nirudi sijatulia. Naanza kufua naacha, naweka chai inapoa, nakwenda mpaka getini kumtazama mtu ambaye sijamwalika. Wanaoandika kumbukumbu hupenda kuuchelewesha ukweli, lakini mimi sina subira hiyo, kwa hiyo niseme mapema: niliona wivu. Nilikaa kwenye ofisi ya Happy, kwenye kiti laini, nikanywa soda yake, nikamwangalia akitia sahihi karatasi huku vijana watatu wenye fulana za njano wakimwita "Injinia", na moyo wangu ukaniuma kama jino. Aliniuliza habari za nyumbani, za migomba, za magoti. Kisha akaacha kalamu akaniuliza, "Hivi mzee wako aliwahi kunitaja?" Nikamjibu hapana. Nilimdanganya. Baba alimtaja mara moja, mbele ya watu wengi, na hiyo mara moja ndiyo iliyomweka Happy kwenye kiti chake na mimi kwenye changu.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuwa yale ya katikati, yasiyomfukuza mtu wala kumkaribisha. Nikakaa nyumbani miezi minne nikipalilia kahawa kwa hasira. Mama akinituma kuni nakwenda, akinituma maji nakwenda, lakini nilikuwa natembea kama mtu anayetafuta pa kutokea. Kila gari lililopita barabara kuu, chini kule, nililisikia. Ndipo ukaja mradi mmoja, wageni wachache na Watanzania wengi, ukakarabati ghala la zamani la kahawa lililokuwa chini ya kijiji chetu, ukaligeuza kuwa Nyumba ya Nishati. Walitaka wasichana wawili wa kuelekeza wageni. Tulijaribiwa kumi na tisa, tukachukuliwa mimi na Happy. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, na mwisho wa mwaka mmoja kati yetu angepelekwa kusoma chuo cha ufundi, mambo ya umeme, mpaka amalize. Mmoja. Hawakutuficha. Tuliambiwa siku ya kwanza, tukiwa tumesimama bega kwa bega, tukatazamana na kucheka kicheko kile cha watu waliokwisha kuanza kushindana.

Ghala lile naliona hata sasa nikifumba macho, nalo lilikwisha kubomolewa zamani. Lilikuwa refu, la mawe, lenye paa la bati na madirisha madogo ya juu, na pamoja na chokaa yote waliyopaka lilibaki na harufu ya maganda ya kahawa, ile harufu chachu inayokaa kooni. Kulikuwa na baiskeli ya kuwasha taa, mpini wa kuiwashia kwa mkono, jiko la gesi iliyotoka kwenye samadi ya ng'ombe wawili waliofungwa nje, na sanduku la kukaushia matunda kwa jua. Kila mahali palibandikwa kibao chenye neno moja kwa herufi nyekundu: GUSA. Lakini kitu kikubwa kilikuwa gurudumu. Mfereji wetu, ule unaoshuka kutoka msituni juu mlimani na kupita mashamba yetu yote, uliingizwa ndani ya ghala, ukasukuma gurudumu la mbao lenye urefu kunizidi, gurudumu likazungusha mashine ndogo, na taa zote za nyumba zikawaka. Kisha maji yakatokea nyuma ya jengo na kuendelea kwa watu wa chini. Mara kumi kwa siku nilisimama kando ya gurudumu nikasema kwa sauti ya kukariri, "Gurudumu halinywi maji. Linachukua nguvu tu. Maji yote yaliyoingia yanatoka nyuma kama yalivyo." Wanafunzi walikwenda nyuma kuhakikisha, wakarudi wakipiga makofi.

Nyumbani sikuwahi kuieleza habari hiyo. Nimejiuliza sana kwa nini. Jioni nilifika, nikavua viatu vya kazini, nikavifuta vumbi na kuviweka juu ya kabati kama mayai, nikala na kulala. Baba akiuliza, "Huko kwenye umeme mnafanya nini?" namjibu, "Kazi, baba." Yeye anatikisa kichwa. Nilikuwa nimejua kitu ambacho baba hakijui, na badala ya kumpa nilikificha kama mtoto anavyoficha pipi. Tena kilikuwa kitu cha maji, na watu wa kwetu ukiwagusa kwenye maji umewagusa kwenye jicho. Maji ya mfereji yana zamu. Leo asubuhi ni ya fulani, jioni ya fulani, na anayegeuza maji nje ya zamu hutoa kondoo, awe mzee wa kanisa, awe mlevi. Baba hakuwa kiongozi wa mfereji, lakini hakuna mtu aliyekuwa na wivu na maji kama yeye. Akiona tone linapita njiani bila kazi atainama na koti lake la kanisani alizibe kwa udongo.

Msimamizi wetu alikuwa Madam Rehema, mwanamke wa Tanga, mwembamba, mkali, mwenye Kiswahili kilichotuaibisha sisi wa huku tunaoanza sentensi kwa Kiswahili na kuimalizia kwa Kimeru. Hakutupenda wala hakutuchukia, alitupima tu. Alikuwa na daftari, na tulijua kwamba anachoandika mle ni namna wageni wetu wanavyoshika vitu. "Mwelekezaji mzuri haongei sana," alisema. "Mwelekezaji mzuri ni yule ambaye wageni wake wamechafuka mikono." Karibu na mwisho wa mwaka akatuambia kwamba Jumamosi watakuja wafadhili pamoja na wakubwa kutoka mjini, na angependa ukumbi uwe na watu wa kawaida, kwa hiyo tuwaambie watu wa eneo lile waje. Happy, ambaye wazazi wake walikuwa Ngarenaro, mjini, na yeye alipanga chumba kwa shangazi yake hapo Tengeru, hakuwa na wa kumleta. Mimi niliwaambia wa nyumbani kwa mkato, nikiosha miguu, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Walikuja watatu, baba, mama na bibi, wamevaa nguo za Krismasi. Mama alibeba hotipoti ya machalari, ndizi za nyama, ameifunga kwa kitenge ili isipoe, maana alijua sitapata muda wa kurudi kula. Baba alikuwa na koti lake la kijivu na viatu vilivyopakwa rangi mpaka kwenye soli. Waliingia, wakavua kofia na vilemba, wakasimama. Na hawakugusa kitu. Wageni wengine walikanyaga baiskeli, walizungusha, walicheka, na watu wangu watatu wakapita kutoka meza hadi meza mikono ikiwa nyuma, wakitikisa vichwa kwa heshima, kama watu wanaomuaga marehemu. Bibi alisimama mbele ya jiko la gesi akatazama ule moto wa buluu kwa muda mrefu.

"Huu moto umetoka kwa ng'ombe?"

"Ndiyo, bibi. Kwenye samadi yake."

"Na ng'ombe anajua?"

Watu wakacheka, na mimi badala ya kucheka nikasikia joto shingoni, kwa sababu Madam Rehema alikuwa hatua tatu kutoka pale na daftari lake. Nikamfuata baba aliyekuwa amesimama mbele ya baiskeli. Nikamwambia polepole apande. Akasema, "Mwanangu, kitu cha watu hakiguswi." Nikamwonyesha kibao. Akakisoma, akatabasamu, mikono haikutoka nyuma. Ndipo nikamwambia neno ambalo nimelibeba mpaka leo, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na mzazi mshamba: "Baba, gusa! Hapa unaruhusiwa kugusa chochote, wala usiulize mtu!" Akanitazama, kisha akaitazama mikono yake kama ndiyo iliyokosea. Akasema, "Haya," akatoka nje kuvuta hewa.

Kilichotokea nje nilikuja kukielewa baadaye. Baba alizunguka ghala akaufikia mlango wa maji, pale mfereji unapoingia ukutani. Pembeni palikuwa na mtaro wa zamani, mkavu. Enzi za ujana wake mtaro huo ndio uliokuwa ukipeleka maji kwa watu wa chini. Mradi ulipokuja ukabadilisha njia, na mtaro ukaachwa uelekee korongoni, wa kumwagia maji ya mvua kubwa. Hakuna aliyemweleza. Yeye aliona mambo mawili tu: maji yanaingia ndani ya nyumba ya watu wenye pesa na hayatoki, na mtaro wa watu wa chini umekauka siku ambayo ni zamu yao. Kwetu maji yakishaingia kwa mtu yamekwisha, yananywewa na shamba lake. Na alikwisha kuambiwa na binti yake kwamba hapa haulizi mtu. Akavua viatu vyake, akakunja suruali, akashusha ubao wa kufungia mlango wa maji, akauziba kwa mawe, udongo na vipande vya mgomba, akayaelekeza maji yote kwenye mtaro. Na baba akiziba maji, yamezibika.

Ndani, wageni wakubwa walikuwa ndiyo kwanza wameingia, na mmoja wao ameanza kunisikiliza kando ya gurudumu. Nilifika kwenye "halinywi maji" gurudumu likapunguza mwendo, likatikisika, likasimama. Taa zikafifia kuwa nyekundu, kisha giza, maana madirisha yale ya juu hayakuwa na msaada. Mtoto mmoja akaanza kulia. Madam Rehema akanipita mbio, nami nikamfuata, na Happy nyuma yangu. Tukamkuta baba amesimama ndani ya mfereji, matope mpaka magotini, koti la kijivu limelowa mikono, uso wake umetulia kabisa, uso wa mtu aliyemaliza kazi ya haki. Akaniona, akaanza kutabasamu.

"Nani huyu?" Madam Rehema akauliza. Wageni walikuwa wameanza kutoka, mmoja baada ya mwingine, wamejikinga jua kwa mkono. "Nsia, huyu mzee ni wa huku kwenu. Unamfahamu?"

Sikuchukua muda kufikiri. Ningependa kuandika kwamba nilisita, kwamba niliona chuo upande mmoja na baba upande mwingine, nikapima. Sikupima chochote. Neno lilikuwa mdomoni tayari, kama mate.

"Hapana, Madam. Simfahamu."

Tabasamu la baba halikuondoka ghafla. Lilikaa kidogo halina kazi. Kisha akamwinamia Madam Rehema na kusema kwa Kiswahili chake cha kanisani, "Samahani sana, mama. Mimi ni mpita njia. Niliona maji yanapotea." Akatoka mferejini kwa shida, akaokota viatu vyake, na aliponipita akasema, "Samahani, dada." Dada. Kama mtu anavyomwita msichana yeyote wa dukani. Akaondoka peku kwenye kokoto, akipandisha njia ya nyumbani, na mimi nikapiga magoti na wafanyakazi tukazibua ule udongo. Ilituchukua zaidi ya nusu saa.

Mlinzi alinipa hotipoti mchana. Mama na bibi walikuwa wamepitia mlango mwingine na kumwachia. Tulikula mimi na Happy kwenye chumba cha stoo, juu ya magunia, mlango umefungwa. Yalikuwa machalari ya sherehe, nyama imekatwa vipande vikubwa, ndizi zimeiva mpaka zimevunjika, na bado yalikuwa ya moto. Happy alikwisha kuja kwetu Jumapili mbili au tatu. Alikwisha kukaa na baba barazani akimsikiliza habari za kahawa. Alichota, akala, akachota tena, akaanza kuifuta hotipoti kwa kidole. "Mama yako anajua kupika," akasema. Basi. Angeweza kwenda kwa Madam mchana uleule na nafasi ikawa yake. Nilimchukia kwa kutokwenda. Vijana tuna akili za ajabu.

Nilirudi nyumbani nimejiandaa kupigwa, au kufukuzwa, au kuombewa, ambalo kwetu ni kali kuliko yote mawili. Haikuwa hivyo. Baba aliniuliza kama wageni waliridhika. Nikasema waliridhika. Akasema vizuri. Bibi akauliza kama ng'ombe ameshaambiwa. Wiki ikapita, na ya pili. Nilikuwa sikai. Nikikaa mezani nasimama kuchota maji ambayo hakuna aliyeyataka, nikiamka nafagia uwanja uliofagiwa, kazini nazungusha ule mpini wa taa hata pasipo mgeni mpaka Happy ananiambia niuache upoe. Nilikuwa namngoja baba. Kila akikohoa nilidhani ndiyo sasa. Jioni moja nilikuwa nyuma ya jiko natafuta kuku aliyetagia majanini, nikawasikia ndani, moshi ukipenya kwenye mbao, wakiongea kwa Kimeru kile cha chini cha watu waliooana muda mrefu.

"Hujamwambia kitu," mama akasema.

"Nimwambie nini?"

"Anaeli, mtoto amekukana mbele ya watu."

"Mtoto alikuwa kazini. Mtu akiwa kazini si mtoto wa mtu." Nikasikia akisukuma kuni. "Na mimi ndiye niliyefunga maji. Wale wa chini walikosa maji siku yao, miche ya kabichi ya watu ikanyauka. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, hilo lingine liache."

Nilibaki nimechuchumaa pale na yai mkononi mpaka likapata joto langu. Nikiwa mkweli, nilipata nafuu kwanza. Aibu ilikuja baadaye.

Kabla ya mvua za masika wanaume wa mfereji hutoka wote kuusafisha, kutoka msituni mpaka chini, na mwisho wa kazi wazee hukaa kusikiliza makosa ya mwaka. Wanawake hupeleka chakula na hukaa pembeni na vyungu vyao, hawaulizwi. Nyumba ya Nishati, kwa kuwa nayo ilitumia maji, ilitakiwa kutoa mtu wa kuchimba, na Madam Rehema akaja mwenyewe, amevaa buti za mpira, akachimba mpaka wanaume wakaona haya kupumzika. Mimi nilikuwa pale na mama tukigawa loshoro, mahindi ya kupondwa na maziwa ya mgando. Kikao kilikuwa upande wa chini wa ghala, palepale maji yalipopotelea. Baba akasimama akiwa ameshika kamba, na mwisho wa kamba kondoo. Akasema, "Mimi Anaeli niligeuza maji Jumamosi ile, yakaenda korongoni. Nilidhani nayapeleka kwa wenyewe. Kondoo huyu hapa."

Kwetu mtu hajishitaki hivihivi. Wazee wanaogopa watu wanaotafuta sifa ya unyenyekevu, kwa hiyo lazima awepo aliyeona. Mzee Yohane, mwenyekiti wa mfereji, akauliza, "Nani alikuona?"

"Hakuna mtu wetu aliyeniona."

Madam Rehema akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi nilimwona, wazee wangu. Sikujua ni wa mfereji huu. Hata msichana wangu alikuwepo, lakini alisema hamfahamu."

"Msichana yupi?" akauliza Mzee Yohane, na vichwa vyote vikaanza kugeuka upande wa vyungu, maana hapakuwa na mtu pale asiyejua mimi ni wa nani.

"Alikuwa yule mwingine," baba akasema haraka. "Yule wa mjini. Happy."

Madam Rehema akakunja uso. "Hapana, mzee, mimi nilimuuliza..."

"Alikuwa yule wa mjini, mama. Atanifahamia wapi? Macho yangu ni mazima."

Baba yangu alikuwa mtu ambaye hata kwenye mnada alisema ng'ombe wake anapiga teke. Nilimwona akisema uongo mbele ya wazee wa maji, kamba mkononi, bila kupepesa, na nilielewa kwamba alikuwa ameuandaa, kwamba aliulalia na kuuamkia ili niende chuo. Alichosahau ni kwamba uongo lazima umwangukie mtu, naye akamwangushia msichana aliyekula machalari ya mama na kunyamaza. Nikaweka upawa chini. Mama alikuwa amekwisha kunijua, akashika pindo la kanga yangu. "Kaa," akaninong'oneza. "Kaa, mama yangu, kaa." Nikasimama, kanga ikabaki mkononi mwake.

"Ni mimi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, nikairudia. "Ni mimi, Madam. Uliniuliza nikasema simfahamu. Nilitaka nafasi. Huyu ni baba yangu."

Mzee mmoja alianza kucheka, akageuza kikawa kikohozi. Madam Rehema akaangalia buti zake. Mzee Yohane akasafisha koo akasema, "La maji tumelimaliza, kondoo mmoja. Hili la pili halina maji ndani yake. Mkalimalizie kwenu." Akaagiza kisu. Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja habari za mvua.

Madam alinifuata nikiwa nakusanya vyungu. Hakupandisha sauti. "Jina lako ndilo nililokuwa nimeandika," akasema. "Unajua kueleza kuliko mwenzako. Lakini mtu aliyenidanganya kuhusu baba yake siwezi kumkabidhi waya." Nikasema, "Ndiyo, Madam." Alikuwa sahihi, nami nimemlaumu miaka thelathini kwa kuwa sahihi. Happy alikwenda chuo. Mimi nilikwenda ualimu miaka miwili baadaye, nikafundisha sayansi darasa la tano na la sita, nikachora magurudumu mengi ya maji ubaoni, sikujuta kila siku.

Tulirudi nyumbani kwa miguu mimi na baba, mama akiwa ametangulia na wanawake. Nilidhani atanishika bega. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba atanisifu. Tulipofika pasipo na watu akasimama, na nikaona amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Nani alikuomba useme?"

"Ulikuwa unamsingizia Happy, baba."

"Happy ningekwenda kumwomba radhi mwenyewe, kwa baba yake, Ngarenaro! Ningepiga magoti!" Akakata hewa kwa mkono. "Mimi nilikwisha kukubali kuwa mpita njia. Ningekuwa mpita njia mpaka nife, wewe ukasoma. Nilishameza, Nsia. Ilikuwa imeshashuka. Nani alikuomba uniite baba?"

Nikamwambia hakuna aliyeniomba.

Alinitazama, akageuka, akatembea hatua kadhaa, akasema bila kugeuka, "Basi usije ukalia kwa ajili ya chuo. Nikikusikia unalia nitakuchapa, ukubwa wako huohuo."

Sikulia. Niliwasha moto, nikaosha vyungu, nikamsaidia bibi kuvua viatu. Jua lilipokuwa linazama baba alikwenda nyuma ya zizi kuwakatia ng'ombe mgomba, na nilisikia panga likikata, likikata, kisha likaacha. Nikasubiri lianze tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akaniwekea mkono nisitoke. "Mwache," akasema. "Analia kwa niaba yako."